Makala mawili kabla ya joho

Barua za wanafunzi wa uzamivu wa kompyuta na uhandisi hapa Kenya hunifikia kila mwezi, na wengi wanauliza jambo lilelile: nitajuaje kama ninasonga mbele? Nimejibu maswali yaliyojirudia zaidi.

Daktari, kanuni za uzamivu ni za chuo au za serikali?

Za wote wawili. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ilitoa viwango vyake mwaka 2014. Humo ndimo lilimo sharti la kuchapisha makala yasiyopungua mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Chuo nacho kina yake: ripoti za maendeleo, muda wa kutetea pendekezo, mihadhara ya idara. Soma kijitabu cha chuo chako mwenyewe. Rafiki aliye chuo kingine atakuambia ya kwao.

Pendekezo langu limepita. Naweza kuanza kukusanya data?

Bado. Utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013, na ukihusisha watu utapita kwanza kwenye kamati ya maadili. Wanakompyuta hudhani hayo ni ya madaktari. Lakini ukichukua rekodi za simu za wateja au picha za wagonjwa ili kufunza programu yako, umeshika data za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu.

Makala yangu yalikubaliwa katika kongamano kubwa la kimataifa. Yatahesabiwa?

Hapa ndipo wanakompyuta wanapoumia. Katika fani yetu, makongamano kama NeurIPS na SIGCOMM huchuja makala kwa ukali, na watafiti wengi huyathamini sawa na majarida au zaidi. Kwa mhandisi wa ujenzi, jarida ndilo mambo yote. Sharti letu linataja majarida, na linawapima wote kwa kipimo kimoja. Naamini lingefaa kurekebishwa, na nimelisema hilo vikaoni. Ila wewe unahitimu kwa kanuni iliyopo leo, kwa hiyo iulize bodi ya wahitimu kwa maandishi, kisha ligeuze kongamano kuwa jarida.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mitandao aliwasilisha kongamanoni vipimo vya ucheleweshaji wa data kwenye ruta tatu zilizopangwa mezani. Kwa toleo la jarida aliihamishia kazi hiyo bwenini, akapima saa nne usiku wakati kila chumba kinatazama video. Matokeo yakabadilika kabisa, na makala yakawa bora kuliko ya kwanza. Majarida mengi hutaka nyongeza ya namna hiyo, mara nyingi asilimia 25 hadi 30 ya mambo mapya, na umweleze mhariri waziwazi kwamba sehemu fulani ilishatoka kongamanoni.

Anza kutuma makala majaridani mwaka wa pili. Mapitio huchukua miezi, pengine mwaka. Anayengoja mwaka wa mwisho ndiye anayenaswa na majarida ya kitapeli, yale yanayoahidi kukubali makala kwa siku tatu ukishalipa. Mtahini wa nje ataliona jina la jarida hilo.

Mashine yangu ya majaribio iliungua. Nitaandika nini kwenye ripoti?

Andika kwamba iliungua. Nilisoma ripoti ya kijana aliyepoteza bodi ya kuendeshea mota: aliweka tarehe, picha ya kapasita iliyopasuka, nakala ya oda ya vipuri, na jedwali la uigaji aliofanya kwenye kompyuta akisubiri. Kamati ilimpitisha bila mjadala. Mwingine aliandika "utafiti unaendelea vizuri" mihula minne mfululizo. Msimamizi wake alipohama, hakukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha alichofanya, na ilimbidi kuanza karibu upya. Bado inaniuma, kwa sababu alikuwa amefanya kazi kweli.

Nimejifungua na siwezi kuendelea mwaka huu.

Hongera. Omba kuahirisha rasmi sasa, kabla muhula haujaanza, na utunze barua ya idhini. Ukinyamaza tu, muda wako unaendelea kuhesabiwa.

Msimamizi wangu hajibu kwa wiki kadhaa.

Kila mnapokutana, siku hiyohiyo mtumie barua pepe ya mistari mitatu: tulichokubaliana, nitakachofanya, tarehe nitakayokuletea. Usilaumu, usirefushe. Akikaa kimya mwezi mzima, umwone msimamizi wa pili, halafu mkuu wa idara, ukiwa na barua hizo zimechapwa na kupangwa kwa tarehe. Nimekaa upande ule wa meza. Mwanafunzi aliyeingia na faili la namna hiyo tulimpatia msimamizi mwingine ndani ya wiki.