Kofia ya Jino: Dhahabu, Chuma au Kauri?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wanafunzi, swali hili limeletwa zaidi ya mara moja katika darsa zetu za baada ya Isha. Daktari wa meno amemsafisha mtu mzizi wa gego, amesema sharti livishwe kofia, akataja dhahabu, chuma cheupe, kauri na zirkonia, kisha akamwachia mgonjwa achague. Muislamu achague vipi?

Mafakihi hutufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua, basi tuanze na jino lenyewe. Gego lililotolewa kiini hubaki na kuta dhaifu na linaweza kupasuka kwa kutafuna tu. Kofia hulifunika lote na kulishika lisipasuke. Ili kofia ikae, daktari husaga jino pande zote, na hapa ndipo aina zinapotofautiana, ingawa wengi wetu tunauliza rangi na bei tu. Kofia ya chuma kitupu ni nyembamba. Juu ya gego husagwa takriban milimita 1. Kauri iliyopakwa juu ya chuma huhitaji kama milimita 1.5 hadi 2. Jino likishasagwa halioti tena, na mwili ni amana.

Kauri juu ya chuma hupendeza, lakini yaweza kumeguka, na fizi zikishuka huonekana mstari wa kijivu. Kauri tupu ya aina ya kioo hupitisha mwanga kama jino la asili, kwa hiyo hupendwa kwa meno ya mbele. Zirkonia ni nyeupe na ngumu, inafaa magego. Chuma cheupe mara nyingi kina nikeli: ukiwa hereni au mkanda wa saa hukuwasha, mwambie daktari mapema. Dhahabu haishiki kutu, haimeguki, na haililii jino linalokutana nayo. Si dhahabu safi, maana safi ni laini mno. Huchanganywa na madini mengine.

Sasa, dhahabu si haramu kwa wanaume? Ndiyo, kuivaa kama pambo ni haramu. Lakini iko hadithi ya Arfajah bin As'ad (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Alikatwa pua siku ya vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Wanachuoni wakalipima jino kwa pua.

Wamekubaliana kwenye asili, wakatofautiana kwenye mpaka. Imam Abu Hanifa alisema meno yafungwe kwa fedha, si dhahabu: ruhusa ilikuja kwa haja, na kwenye jino fedha inatosha. Mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaruhusu dhahabu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tumesomeshwa vyuoni tangu udogoni, Imam Nawawi katika Minhaj ameivua pua, ncha ya kidole na jino kutoka kwenye katazo la dhahabu kwa mwanamume, na washereheshaji wakaongeza: hata kama fedha ingewezekana.

Kwa hiyo anayeambiwa na daktari kwamba gego lake ni fupi, halina nyama ya kusagwa, na dhahabu ndiyo itakayolihifadhi, aichukue kwa moyo mtulivu. Ila ikiwa zirkonia inafanya kazi ileile, mimi naona mwanamume aichague, atoke kwenye khilafu. Na yule mwenye jino zima la mbele anayetaka lisagwe livishwe dhahabu ling'ae akicheka, huyo hana hoja kwa Arfajah. (Wazee wetu wengi tumewaona na jino hilo, tuwadhanie kheri.) Dada zetu wameruhusiwa dhahabu, lakini kusaga jino zima kwa urembo ni suala jingine: Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea laana kwa wanaoachanisha meno kwa ajili ya uzuri. Jino lililovunjika au kuoza halimo humo, kwani hiyo ni tiba.

Kwenye josho la janaba, Shafii wanaona kusukutua ni sunna. Hanafi na Hanbali wanaona ni lazima. Kwa wote, kofia iliyogandishwa haing'olewi. Maji yakipita juu yake yametosha.

Kofia nyingi huhitaji kwenda kwa daktari mara mbili, na wakati mwingine tarehe huangukia Ramadhani. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, ilihesabu kutoboa na kusafisha jino miongoni mwa yasiyofunguza, mradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Sindano ya ganzi kwenye fizi nayo si chakula wala badali yake. Mwombe daktari atumie mashine ya kufyonza maji, au mpange saa baada ya futari kama kliniki iko wazi. Maumivu yakizidi ukalazimika kumeza dawa mchana, wewe ni mgonjwa. Funguza, utalipa siku hiyo baadaye.

Wallahu aalam.