Kivumbasi: Nguvu Iliyomo Katika Harufu

Ndugu mkulima, ukipita njia za Asumbi baada ya mvua, huenda ukakanyaga kivumbasi, harufu yake ikakujaa puani. Mmea huu ni wa jamaa moja na mnanaa na mrehani. Je, harufu hiyo ni kitu gani?

Ni mafuta. Yamo katika vifuko vidogo sana juu ya jani, navyo hupasuka ukilifikicha. Hayafanani na mafuta ya karanga, kwa maana yakiachwa wazi huruka hewani yakaisha. Ili kuyapata, majani huchemshwa, mvuke ukapitishwa katika bomba lililopozwa ukawa maji, na mafuta yakajitenga nayo.

Si kila kivumbasi kina mafuta ya namna moja. Mwaka 2007 wataalamu walieleza habari za kivumbasi kikubwa cha Meru. Katika kila sehemu 100 za mafuta yake, karibu sehemu 69 zilikuwa eujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. Aina nyingine, iliyopandwa na wakulima kando ya msitu wa Kakamega, ina kafuri nyingi, nayo ilitengenezewa dawa ya kupaka.

Mafuta ya Meru yalipojaribiwa juu ya vijidudu vilivyooteshwa katika vyombo, yalivizuia hata vile vya homa ya matumbo. Eujenoli hutoboa ngozi ya kijidudu, na vilivyomo ndani vikavuja.

Lakini shika sana neno hili: chomboni si tumboni. Katika chombo mafuta makali hukigusa kijidudu chenyewe. Chai ya majani ina mafuta kidogo tu, tena mwili huyavunjavunja upesi. Basi mtoto mwenye homa isiyokoma mpeleke hospitali apimwe, usingoje majani yamponye. Wala usimnyweshe mafuta yenyewe, kwani hata kiasi kidogo chaweza kumdhuru.

Faida iliyo salama ni hii:

1. Anika majani kivulini. Jua kali huyafukuza mafuta.

2. Changanya majani makavu na nafaka ghalani. Uchunguzi wa mwaka 1990 ulionyesha kuwa eujenoli huwafukuza fukusi wa mahindi.

3. Ukitaka kupanda ili uuze, kwanza mwonyeshe Bwana Shamba mmea wako aitambue aina yake, wala usichanganye aina mbili.

Pua yako itakuonya: jani lisilonuka limekwisha nguvu.