Kipimo cha Mizunguko ya Injini kwa Pikipiki Kuukuu

Katika Pwani ya Kusini ya Kenya pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Huko Diani, Ukunda na Msambweni ndiyo impelekayo mgonjwa hospitalini, mtoto shuleni na samaki sokoni. Lakini pikipiki nyingi za kazi, na hasa zile kuukuu, zina kipimo cha mwendo tu. Hazina kipimo cha mizunguko ya injini. Mwendeshaji hutegemea sikio lake, na sikio laweza kudanganywa na upepo, na kofia ngumu, na mazungumzo ya abiria.

Kipimo hiki huonyesha injini inazunguka mara ngapi katika dakika moja. Faida yake huonekana katika barabara ipandayo kutoka Kombani kwenda Kwale. Mtu akipanda mlima ule na mzigo mzito kwa gia ya juu, mizunguko hupungua mno. Injini hugonga, hupata joto na kuchakaa. Akishuka kwa gia ya chini na kuuachia mteremko umsukume, mizunguko hupita kiasi. Makosa yote mawili huonekana kwenye mshale wa kipimo kabla hayajawa hasara.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi kinavyohesabu. Kipimo cha umeme hakiioni injini yenyewe. Huhesabu cheche za plagi. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huhitaji cheche 3,000 tu, kwa maana huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Hata hivyo, pikipiki nyingi za silinda moja hutoa cheche kwa kila mzunguko, nusu yake zikipotea bure. Injini ya mipigo miwili nayo hutoa cheche kila mzunguko. Kwa hiyo kipimo kizuri kina mahali pa kuchagua hesabu ipasayo.

Kabla ya kununua, mwenye pikipiki na atazame umeme wake. Vipimo vingi vya siku hizi vimetengenezwa kwa volti 12. Pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950, kama vile BSA na Triumph, nyingi zilikuwa za volti 6, tena upande wa chanya wa betri ndio uliounganishwa na fremu. Kipimo cha kawaida kikiunganishwa huko bila kuangalia, chaweza kuungua.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima injini na kufungua waya wa betri. Kipimo kifungwe karibu na usukani, juu ya vipande vya mpira ili mtikisiko usikivunje. Kwa kawaida kina waya tatu za kazi. Wa kwanza huenda kwenye fremu, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Wa pili huchukua umeme kutoka kwenye waya unaopata nguvu wakati ufunguo umefunguliwa tu, tena upitie kwenye fyuzi ndogo. Wa tatu ndio uletao hesabu. Katika pikipiki ya platini huunganishwa kwenye waya utokao koili kwenda platini. Katika pikipiki ya CDI, kwenye waya utokao kisanduku hicho kwenda koili. Waya huu wa CDI hupitisha volti mia kadhaa. Basi usiguswe injini ikiwaka, na kipimo kiwe cha aina iliyotengenezwa kwa CDI.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Waya wa hesabu ukichubuka na kugusa fremu, cheche hukatika na injini huzimika papo hapo, labda kwenye kona ya mlima huku lori likija nyuma. Kwa sababu hiyo upitishwe ndani ya mpira, mbali na sailensa, na uachwe na ulegevu wa kutosha penye shingo ya usukani. Viungo vilehemiwe na kufunikwa barabara, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Diani hula shaba upesi. Iko pia aina nyingine ya kipimo, ambayo waya wake huzungushwa mara chache juu ya ngozi ya waya mnene wa plagi bila kuunganishwa. Aina hiyo haikati cheche kwa njia hii, na kwa pikipiki ambayo waya zake zimechoka ndiyo ifaayo zaidi.

Kazi ikiisha, injini iwashwe nayo pikipiki imesimama imara, na usukani ugeuzwe mpaka mwisho, kulia na kushoto. Injini ikikatika, waya umevutwa au unagusa mahali. Kisha mshale utazamwe. Injini nyingi ndogo, zisipoongezwa mafuta, huzunguka kama mara 1,200 hadi 1,500. Mshale ukionyesha 2,600 au 650, hesabu iliyochaguliwa si yake. Kosa la nusu ndilo baya zaidi: mwendeshaji huona 4,000, kumbe injini inalia kwa 8,000.

Mwisho, ikumbukwe kwamba kipimo hakiongezi nguvu wala hakitibu injini mbovu. Kiasi cha juu cha mizunguko kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na injini iliyochakaa isifikishwe huko. Anayeona mshale ukishuka mlimani na apunguze gia. Anayeuona ukipanda mno na apunguze mafuta. Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Na fundi wa injini hulipwa ghali kuliko bei ya kipimo.