Saratani ya Mlango wa Kizazi, na Simu Isiyowafikia Wote

Mwezi huu, ndugu wasomaji, tujifunze neno liwapasalo mama zetu na binti zetu, yaani saratani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 katika Tanzania, na vifo zaidi ya 6,000. Nayo ni saratani iwezayo kuzuiliwa! Hutokana na kirusi kiitwacho HPV, tena hukawia miaka mingi kabla ya kukomaa.

Kinga ya kwanza ni chanjo. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 hutolewa mara moja tu, na mwaka huo ilitolewa kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kinga ya pili ni uchunguzi. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, na baada ya dakika moja hivi mahali penye dalili hugeuka kuwa peupe.

Katika miaka ya 2010, huko Kilimanjaro na Arusha, wauguzi walifundishwa kupiga picha ya mahali hapo kwa simu na kuipeleka kwa daktari bingwa aliye mbali, ili awape shauri. Picha ikasafiri, mama akabaki karibu na kwake. Twalisifu jambo hili.

Lakini tuufikirie mji mmoja wa Wakurya hapa Machochwe. Simu ni moja, nayo ni ya baba. Atokapo na ng'ombe, hutoka nayo. Ujumbe ukija kumwita mama kwenye uchunguzi, asomaye kwanza si yeye, na labda hataambiwa. Na bibi asiyejua kusoma je? Tena picha haiponyi. Dalili za mwanzo huweza kuondolewa kwa kugandishwa au kwa joto, bali saratani iliyokomaa yataka safari ya Bugando kule Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli haiji pamoja na ujumbe.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wa mitaa: siku ya chanjo au ya uchunguzi ijulikanapo, isomwe katika matangazo ya Jumapili, kwa Kiswahili na kwa Kikurya, hata kama imekwisha kutumwa kwa simu. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 watajwe wazi. Wenye VVU waambiwe kwamba huanza mapema zaidi. Akina baba wawepo wakisikia, maana nauli mara nyingi hutoka mikononi mwao. Naye mama asiyefika kanisani aendewe nyumbani na mzee wa kike, kwa kuwa si habari ya kumwambia mbele ya wakweze.