Anaiona Njia, Uso Wako Hauoni

Hapa mjini Baraka utasikia watu wakilalamika kwamba mzee fulani ana kiburi: anapishana na majirani sokoni bila salamu, halafu shimo la barabarani analiruka kama kijana. Wengine husema anajifanya. Huenda ni ugonjwa wa makula, kisehemu cha katikati ya retina, nyuma ya jicho, ambacho hutusaidia kutambua sura, kusoma na kuchagua mawe kwenye mchele. Kikichakaa, katikati panafifia, pembeni panabaki. Ndiyo maana wengi hawafiki kwenye giza totoro, hata miaka ikipita. Presha ya jicho ni kinyume, huanza kula pembeni. Mtoto wa jicho hutia ukungu kote, na huondolewa kwa upasuaji. Basi msikubali "ni uzee tu" kabla jicho halijapimwa.

Kwa wazee, aina kavu ya ugonjwa wa makula huenda polepole, kwa miaka. Aina ya maji hutokana na vimishipa vinavyovuja chini ya retina, nayo huweza kuharibu katikati kwa wiki au miezi tu. Ziba jicho moja, tazama mistari ya bati, kisha badilisha. Mstari ukianza kupinda, usingoje: nenda hospitali kuu ya Baraka au Fizi, omba barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Ulizeni kwanza kwa simu kama daktari wa retina yupo. Nauli si mchezo. Sindano ndani ya jicho, lililotiwa ganzi, huzuia kuvuja. Hurudiwa, mwanzoni mara nyingi kila mwezi. Kovu lililokwisha kukaa haliondoki.

Sigara iachwe. Mwenye kisukari adhibiti sukari, maana nayo huvimbisha makula. Sombe na lengalenga ni chakula kizuri, si dawa. Maji ya majani yakitiwa jichoni hayafiki nyuma, yanachoma mbele.

Wagonjwa wengine huona watoto au maua yasiyokuwepo. Si wazimu wala uchawi, ubongo unajaza pengo. Mwelezeni mgonjwa hivyo kabla hamjamkimbiza kwenye maombi ya kufukuza mapepo.

Ukimsalimu, taja jina lako. Taa imulike kazi yake, isimpige usoni. Mfundisheni kutazama kando kidogo: akitaka kukuona, huenda akakodolea sikio lako. Noti azikunje tofauti, ya faranga 1000 mara moja, ya 5000 mara mbili.