Ekari Moja na Nusu kwa Mwizi

Andiko la msingi: Filemoni 1:8–20, Luka 16:10



Kijana mmoja alitoka gerezani hapa Lodwar baada ya kumaliza kifungo. Alikuwa amevunja duka usiku huko Kakuma. Aliokoka akiwa ndani, na alipotoka alikuja kanisani moja kwa moja. Baada ya miezi michache akaniomba ajiunge na wahudumu, wale wanaopokea wageni na kupitisha vikapu vya sadaka. Nikamwambia, "Ndugu, hebu tuliombee kwanza." Ukweli ni kwamba sikuliombea. Mimi nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba aliyeshindwa kulipa mkopo wa kwanza hapewi wa pili. Nilimpima kwa kipimo hicho.

Leo tujifunze kutoka kwa mwizi mwingine, wa zamani na wa mbali.

James Ruse alikuwa kijana wa Cornwall, Uingereza. Mwaka 1782 alihukumiwa kifo kwa kuvunja nyumba na kuiba. Hukumu ikapunguzwa, ikawa miaka saba ya kupelekwa ng'ambo, na mahali palipotajwa kwanza palikuwa Afrika. Ndiyo, Afrika yetu! Kwa wakubwa wa wakati ule, bara hili lilikuwa mahali pa kutupa watu. Lakini Ruse hakufika huku. Alikaa miaka kadhaa amefungiwa ndani ya meli kuukuu bandarini. Mwaka 1787 wakapakiwa yeye na wafungwa wengine zaidi ya 700, wakafika Australia Januari 1788.

Huko njaa ikawakuta. Walingoja chakula cha meli, na meli zikachelewa. Sisi wa Turkana hatuhitaji kuelezwa maana ya kungoja chakula cha kuletwa. Ruse alikuwa amekulia kazi ya shamba, akaomba ardhi alime. Novemba 1789 Gavana Arthur Phillip akamweka mahali panapoitwa Parramatta. Alipewa ekari moja na nusu iliyosafishwa, kibanda, vifaa, mbegu, na nguruwe na kuku wachache. Ruse alichoma magogo, akachanganya majivu na udongo, akaacha majani yaoze, akapanda. Mapema mwaka 1791 akasema anaweza kujilisha yeye na mkewe bila chakula cha serikali. Ndipo akapewa hati ya ekari 30, ambayo ilikuwa ya kwanza katika koloni lile. (Tuseme na hili pia: ardhi ile ilikuwa na wenyeji wake, na hakuna aliyewauliza. Sisi tunaojua uchungu wa ardhi tusilipite hilo.)

Mpendwa, angalia hesabu ya Phillip. Hakumpa mwizi ekari 30 siku ya kwanza. Pia hakusema, "Mwizi ni mwizi tu." Alimpa kiasi kidogo kinachopimika, akampa muda, akangoja aone.

Desturi hiyo ya Waingereza ya kupeleka watu mbali ilifika hata kwetu. Tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria miaka saba, wakafungwa Lokitaung, huko juu kaskazini. Hao hawakuwa wezi. Kosa lao machoni pa serikali lilikuwa kudai nchi yao. Mwaka uliofuata akaletwa Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa kabla hukumu hiyo haijaondolewa. Kenyatta, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapikia wenzake, akachukua muda kumfundisha Kiingereza. Si angeweza kusema, "Huyu atanisaidia nini?" Baada ya uhuru, Itote akawa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Mtu aliyekuwa karibu na kitanzi akawekwa kusimamia vijana wa taifa.

Sasa fungua Filemoni. Paulo mwenyewe yuko kifungoni, anamrudisha Onesimo kwa bwana wake. Hafichi kwamba huenda kuna deni. Katika mstari wa 18 anasema deni hilo liandikwe kwake yeye. Hii ni lugha ya wahasibu! Paulo anaweka jina lake kuwa dhamana. Na mstari wa 17 unataka Onesimo apokelewe kama Paulo mwenyewe. Kusamehe peke yake hakukutosha. Alitaka Onesimo apewe nafasi ndani ya nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea. Yule kijana aliacha kuja. Siku moja nilimkuta Kakuma akisukuma mkokoteni wa maji. Nikamuuliza mbona amepotea. Akanijibu kwa upole, "Pasta, gerezani nilikuwa nashika funguo ya stoo ya chakula. Kanisani sikupewa hata kapu." Sikuwa na la kusema. Nilimwomba msamaha pale pale barabarani.

Kumwamini mtu si kufumba macho. Sadaka ihesabiwe na watu wawili na iandikwe kitabuni, hata kama anayehesabu ni pasta. Utaratibu huo humlinda kila mtu, na yeye pia. Tulianza naye na funguo ya stoo ya viti. Kila Jumapili anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Luka 16:10 inatuonyesha njia hiyo: kidogo kwanza, kisha kikubwa.

Kama wewe ndiye uliyetoka gerezani, usidharau ekari moja na nusu. Ilime. Na kama wewe ndiye unayeshika funguo, jiulize ni nani anayengoja nje.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni nani kati yetu tumemsamehe kwa mdomo lakini hatujampa kazi?
2. Ni jukumu gani dogo tunaloweza kumpa mwezi huu, na nani atatembea naye?
3. Je, uko tayari kuwa dhamana ya mtu kama Paulo?

Tuombe: Bwana Yesu, ulichukua deni letu na bado ukatupa kazi katika nyumba yako. Tufundishe kuwatendea wengine hivyo. Amina.