Sura Inavuta, Lakini Haijengi Nyumba

Somo: Mwanzo 29:16–35, 49:29–31

Vijana wanauliza: sura ina maana katika kutafuta mchumba? Tusidanganyane, ina maana. Raheli alikuwa mrembo, na Yakobo alimtumikia Labani miaka 14 kwa ajili yake.

Lakini angalia mwisho. Lea, ambaye hakupendwa, ndiye aliyemzaa Yuda, ukoo wa Daudi na wa Yesu. Na Yakobo alipokaribia kufa, aliomba azikwe Makpela, pale alipomzika Lea.

Wazee wetu wa Gusii walilijua hili. Kabla ya ng'ombe kutolewa, mshenga, yaani esigani, alitumwa kuchunguza: huyu ni mchapakazi? Kwao kuna amani? Siku hizi esigani wetu ni picha ya simu, na picha haisemi kama mtu ana hasira au ni mwombaji.

Dada uliyepitwa, Mungu alimwona Lea, na wewe anakuona. Kaka, si dhambi kuvutiwa, lakini uliza kwanza maswali ya esigani.

Tafakari: Sura ikizeeka, ni tabia gani itabaki kwa huyo unayempenda?